Kihamba si kiwanja

Siku ya nne baada ya kumzika baba nilitoka nje alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ya magimbi, nikakuta vigingi vinne vimepigwa katikati ya migomba na kuunganishwa kwa kamba ya nailoni ya bluu. Kigingi cha nne, cha upande wa mfongo, kilisimama pale pale palipokuwa na isale. Isale lenyewe lilikuwa limeng'olewa na kutupwa juu ya lundo la vikombe vya plastiki vilivyobaki msibani.

Kwa asiyetoka mlimani, isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, usio na tunda wala ua la kumsimamisha mpita njia. Mgeni huudhani pambo. Kwetu Uchaggani ndio mpaka. Ukiuona mstari wa masale umeshajua kihamba cha huyu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi, bila bikoni na bila ramani, na wazee wakiitwa kusuluhisha ugomvi wa ardhi hutafuta kwanza masale yako wapi. Isale ni msamaha pia. Aliyekosa akienda nalo mkononi kwa aliyemkosea, hafukuzwi kabla hajasikilizwa.

Vigingi vile vilikuwa kazi ya kijana wa dalali. Aliyemwita ni ndugu yangu wa tumbo moja, na sitamlaumu hapa, kwa sababu alikuwa na hoja na nitaieleza. Aliyelirudisha isale ni shangazi. Hakuuliza nani kaling'oa. Alichukua jembe, akakichimbua kigingi, akalirudisha isale shimoni, akaushindilia udongo kwa kisigino na kumwagia maji yaliyobaki kwenye ndoo ya ng'ombe. Halafu akaingia jikoni kumalizia mtori wa watu waliokuwa wakijiandaa kugawana ardhi ambayo yeye, kwa mila, hana hata futi moja ndani yake.

Kihamba chetu kiko Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Babu alipokuwa anashuka mjini aliaga, akavaa viatu. Leo bodaboda inakushusha soko la Mbuyuni chai uliyoiacha mezani haijapoa.

Neno shamba halitoshi kukieleza kihamba. Shamba kwetu ni lile la tambarare, la mahindi na maharage, unalokwenda kulima na kurudi. Kihamba ni pale unapolala. Nyumba imo ndani yake, zizi limo, na babu amezikwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Juu kabisa kuna mringaringa na mruka, miti ya kivuli; chini yake migomba; chini ya migomba mibuni; chini ya mibuni magimbi na maharage, na kiazi kikuu kimejizungusha kwenye mti kikipanda, na mboga ambazo bibi hakuzipanda lakini alizijua zote kwa majina. Ng'ombe hatoki. Anakatiwa majani, mengine yakipandishwa kutoka tambarare kichwani kwa mwanamke, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Mgomba uliokwisha kuzaa unakatwa, gogo lake analishwa ng'ombe, majani makavu yanatandazwa chini kushika unyevu. Ndizi mbivu zinachemshwa kuwa mbege pamoja na ulezi na gome chungu la msesewe, na mbege inaita watu, na watu ndio wanaosafisha mfongo.

Mfongo nao ni kitu cha kukaa ukakitazama. Ni mfereji uliochimbwa na watu ambao majina yao hayatajwi tena, unaochepusha maji ya mto huko juu karibu na msitu na kuyatembeza kwenye ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Nilipokuwa mtoto niliamini kabisa kwamba maji yetu yalikuwa yanapanda. Mfongo una wenyewe, una zamu, una siku ya kuusafisha na faini kwa asiyefika. Ukikosa zamu yako ya usiku kwa sababu ya usingizi, mibuni itakuambia mwezi unaofuata.

Wataalamu waliokuja kuvipima vihamba walikuta mambo ambayo sisi tulikuwa tukiyakanyaga. Mwaka 1984 watafiti watatu, mmoja wao Jumanne Maghembe aliyekuja baadaye kuwa waziri wa wizara kadhaa, waliandika kwamba kihamba cha wastani kina hekta 0.68, na kwamba katika vihamba walivyovichunguza waliorodhesha aina 111 za mimea. Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, aliyeutembea mlima huu kwa miaka mingi, akahesabu katika ukanda wa migomba aina zaidi ya 500, nyingi zikiwa zile zinazojiotea zenyewe. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu, huko huko Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Sifa hiyo ninaifurahia. Ila utambuzi wa dunia haumsaidii mama aliyeko Uru chini, karibu na lami, ambaye jirani yake wa kulia ameshauza na wa kushoto anapokea simu.

Kwa muda mrefu mji na vihamba viliishi kwa ujirani mwema. Jina Moshi lenyewe lilikuwa la huko juu, Old Moshi, kwa Mangi Rindi na mwanawe Meli, yule aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 haikupanda mlima. Kituo kilijengwa tambarare, jina likateremka kuifuata reli, na mji ukakulia kule chini kwenye vumbi na joto. Mchagga alishuka kuuza, kusoma, kuajiriwa, akapanda kulala. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 184,292 katika Manispaa ya Moshi. Ya mwaka 2022 ikawahesabu 221,733. Eneo la manispaa halifiki kilomita za mraba 60. Kusini kuna mashamba ya miwa ya TPC na mashamba ya mpunga ya Lower Moshi. Kaskazini ndiko kwetu, kwenye hewa baridi na maji, na mlima unauona ukiwa kitandani. Nani asingependa kujenga huko?

Tunaposikia mji unameza mashamba tunafikiria tingatinga la serikali na watu wanaolia pembeni. Kwetu halijaja tingatinga. Anayekuja ni mtu mwenye futi ya kupimia, na anakuja kwa sababu mmoja wetu amempigia simu. Anapima ishirini kwa ishirini, kipimo ambacho kila Mtanzania mwenye akiba kidogo anakijua, anakata njia ya gari katikati, na kwenye tangazo anaandika kwamba maji na umeme vipo, eneo ni tulivu, na halina mgogoro. Mifongo haimo kwenye tangazo. Makaburi hutajwa baadaye, bei ikishafikiwa.

Nilisema ndugu yangu alikuwa na hoja. Yeye ni wa katikati. Kwa mila yetu kifungua mimba hutengewa kihamba chake, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka. Wa katikati wakajitafutie. Mila hiyo ilitungwa wakati kujitafutia kulikuwa na maana, pori lipo na mangi ana ardhi ya kugawa. Yeye alikwenda kujitafutia Dar es Salaam. Alifungua duka, duka likafa, ana watoto wawili chuoni. Alituuliza kikaoni, bila kupandisha sauti, kwa nini atunze kitu ambacho hakijawahi kumtunza. Mimi ni kifungua mimba. Changu nilikwisha kupewa zamani, na nina nyumba mjini. Ilikuwa rahisi mno kwangu kusema tusiuze, na nilipofungua mdomo kusema hivyo nililiona hilo machoni mwa wadogo zangu.

Hebu tupige hesabu. Hekta 0.68 za mwaka 1984 ni kama ekari moja na theluthi mbili. Wagawie watoto watatu, kila mmoja ana zaidi kidogo ya nusu eka, bado unaweza kuweka ng'ombe na migomba. Kila mmoja wao awagawie watatu wake, umefika kwenye mita za mraba 750 na kitu. Hapo ishirini kwa ishirini mbili hazitoshi. Vizazi viwili tu, bila fisadi na bila tingatinga, na kihamba kimekuwa kiwanja kwa mikono ya watu wanaopendana.

Na kahawa haikutusaidia. Watu wa umri wangu tulisomeshwa na kahawa. Mbuni uliletwa Kilema na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wa mlimani wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, ushirika ambao jengo lake bado linasimama katikati ya Moshi kama ushahidi wa kile ambacho vihamba vidogo viliweza kukifanya vilipoungana. Halafu vyama vikuu vya ushirika vikafutwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 80 vikiwa vimeishiwa nguvu. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo kwa kila nchi ukavunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka. Chulebuni na kutu ya majani vikadai dawa ambazo fedha ya kahawa haikuzifikia. Baba aliendelea kupogoa mibuni yake hadi mwaka wa mwisho wa maisha yake, lakini daftari lake la mauzo, nililolikuta chini ya godoro, lina kurasa ambazo huwezi kuzisoma bila kuumia. Bei ambayo dalali alikuwa tayari kutoa kwa kiwanja kimoja ilizidi kila kilichoandikwa humo kwa miaka kumi.

Kwa hiyo anayesema vihamba vihifadhiwe na akaishia kwenye mila na makaburi anamdai mtu wa katikati alipe gharama ya kumbukumbu za wenzake. Sitaki kuwa mtu huyo.

Kuna jambo jingine, na hili linanihusu mwenyewe. Kuuza si njia pekee ya kukimaliza kihamba. Kila Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, na mlima unapata watu wake kwa majuma mawili. Tunachoma ndafu, tunapalilia makaburi, tunabatiza watoto, tunashuka. Na kwa ajili ya majuma hayo mawili tumejenga majumba: ukuta wa tofali, geti la chuma, na uwanja wa pevingi unaotosha magari manne. Langu lipo. Mbele yake palikuwa na mringaringa ambao baba aliukuta umeshakuwa mkubwa. Nilimlipa mtu aukate kwa sababu ulikuwa ukiangusha maua yake meupe juu ya gari. Mibuni iliyokuwa kivulini mwake ikachakaa, nikaing'oa, nikatandaza vitofali hadi kwenye shina la mgomba wa mwisho. Baba alikuwa amekaa barazani akitazama. Hakusema kitu, nami nikaichukua ile kuwa ruhusa. Nyumba hiyo imefungwa miezi kumi na moja kwa mwaka.

Mvua ikinyesha juu ya kihamba, majani ya mruka yanaivunja, ya mgomba yanaipokea, yale makavu yaliyotandazwa yanainyonya, na inashuka taratibu kwenye udongo kuwa chemchemi ya mtu wa chini. Ikinyesha juu ya pevingi yangu inakimbia. Inaingia mfongoni na udongo wa jirani, inatoka mfongoni ikiwa tope, inaingia mtoni. Masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua watu Moshi, katika maeneo ya chini. Tangu hapo nikikaa barazani mvua inaponyesha, sauti ya maji kwenye vile vitofali hainipi raha.

Ndiyo maana nasema kihamba si mali ya hisia. Kinafanya kazi. Kinahifadhi maji ya mji, kinaupoza upepo wa mji, kinaulisha mji ndizi na maziwa, na mji haujawahi kukilipa hata senti. Dar es Salaam ilikuwa na nafasi ya kujifunza hili na haikujifunza. Soma majina yake: Mikocheni, Mnazi Mmoja, Mwembechai, Migombani. Ni orodha ya miti iliyokuwapo. Kiambu, ng'ambo ya mpaka, mashamba makubwa ya kahawa yaligeuzwa miji mizima. Tatu City pale Ruiru inakalia ardhi ya kahawa ya ekari 5,000. Lakini yale yalikuwa mashamba ya mwenye mali mmoja na saini moja. Vihamba vina wenyewe maelfu, kila mmoja na mzee wake na mgogoro wake, na hilo linaloonekana kuwa udhaifu linaweza kuwa kinga iwapo tutalitumia kabla ya msiba unaofuata.

Sheria imetupa mlango ambao wengi wetu hatujaupita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inairuhusu familia, kama familia, kuomba hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji. Siyo lazima jina liwe la mtu mmoja. Familia inaweza kukimiliki kihamba chote bila kukikata, ikaandika ndani ya nyumba nani anaishi, nani analima, nani anavuna nini, na kwamba hakuna anayeuza kipande bila wengine kukubali. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Miaka zaidi ya ishirini imepita na bado kwenye vikao vyetu vya ukoo dada zetu wanakaa jikoni wakati mkanda unapitishwa kwenye ardhi waliyoipalilia.

Hapa sitapoza maneno. Mtu aliyekiweka kihamba chetu hai kwa miaka kumi na tisa ni shangazi. Alirudi nyumbani mumewe alipofariki na shemeji zake wakamwonyesha njia. Ndiye aliyemuuguza bibi, ndiye aliyemkatia ng'ombe majani, ndiye aliyekwenda zamu ya maji saa nane usiku na taa ya chemli. Baba alikuwa na jina, sisi tulikuwa na picha za Desemba, shangazi alikuwa na jembe. Kama kuna mila inayosema mtu huyo hana sehemu, mila hiyo ndiyo inayoua vihamba, kwa sababu inamwachia uamuzi yule aliye mbali na kumnyima yule aliyepo. Nimesikia wazee wakihofu kwamba binti akirithi ataipeleka ardhi kwa watu wengine. Wanaoipeleka kwa watu wengine leo ni watoto wa kiume, mimi nikiwa shahidi.

Kuna hukumu moja ambayo ningependa kila baraza la ukoo liisome. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua shauri lililotoka Kagera, la mwanamke aliyeuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mwana ukoo alidai mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji akasema anayo, sawasawa na mwanamume. Watu wengi wanaijua hukumu hiyo kwa sehemu hiyo tu, na ni sehemu kubwa. Mimi huwa narudi kwenye ile ya pili: jaji aliwapa wana ukoo, wake kwa waume, miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi shilingi 300,000 alizotoa. Yaani mnaipenda ardhi ya ukoo? Changeni. Haki ya ukoo juu ya ardhi inakuja na wajibu wa kutoa fedha mfukoni, na mwenye shida asigeuzwe msaliti kwa kuwa hana.

Ndivyo tulivyofanya, na ninaieleza kwa sababu ni njia ambayo familia nyingine inaweza kuijaribu. Tulikadiria sehemu ya ndugu yangu kwa bei ya wastani ya pale, si ya dalali na si ya kindugu. Watano wetu tunamlipa kwa awamu, kila mwezi, kupitia akaunti moja, na dada zetu wawili wanachangia sawa na sisi kwa sababu majina yao yataandikwa sawa na yetu. Jumba langu la Desemba nimelitoa lipangishwe. Materuni, Uru Mashariki, wageni wanapanda kila siku kuona maporomoko ya maji na kukaanga kahawa kwenye chungu, na wanalipa. Kuna njia ya kukipa kihamba kipato bila kukikata, ingawa haitoshi kila mtu na sitaki kuipamba. Mibuni ya zamani tumeanza kuibadilisha kwa miche chotara ya kituo cha utafiti cha TaCRI kule Lyamungu, isiyosumbuliwa na chulebuni wala kutu. Na nusu ya pevingi nimeing'oa. Udongo niliokuta chini yake ulikuwa wa rangi ya majivu, umeshikana, hauna mnyoo. Shangazi alisema utachukua misimu mitatu.

Lakini familia peke yake haiwezi. Mji ukipanuliwa na kijiji kikageuzwa mtaa, halmashauri ya kijiji inakoma, na maamuzi juu ya ardhi yanahamia kwenye meza ya mpangamiji. Mwenye kihamba hapotezi haki yake siku hiyo. Anachopoteza ni mtu wa kumwelewa. Kwenye ramani ya mji, mahali pasipo na jengo wala barabara huonekana patupu, panasubiri. Mazungumzo ya kuifanya Moshi kuwa jiji yamekuwapo kwa miaka mingi, nami sina tatizo na jiji. Ninachoomba ni kwamba siku ramani mpya inapochorwa, ukanda wa vihamba uchorwe kama kitu kilichopo: uwe na kipimo cha chini ambacho ardhi haitakatwa zaidi ya hapo, uwe na kiwango cha eneo linaloruhusiwa kufunikwa kwa zege, na mifongo ichorwe kwa rangi ile ile inayochorewa mabomba ya maji, pamoja na njia yake ya kupita isiyojengwa ukuta. Mwenye kihamba anayekitunza asitozwe sawa na mwenye kiwanja anayesubiri bei ipande. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mpangamiji mmoja apande Uru asubuhi moja ya zamu ya maji, akiwa amevaa viatu vya kulowa.

Tuliwasilisha maombi yetu kijijini mwezi uliopita. Uhakiki wa mipaka ulifanyika siku ya Alhamisi, majirani wakiwepo kama sheria inavyotaka, yule wa chini aliyeuza akiwakilishwa na mnunuzi, mtu mpole wa Singida ambaye hakujua kwa nini mfereji unapita kwenye kiwanja chake na aliuliza maswali mazuri. Ndugu yangu alikuja kutoka Dar es Salaam kwa basi la usiku. Shangazi ndiye aliyetembea mbele, kitenge kimefungwa kiunoni, na sisi wengine na kamati ya kijiji nyuma yake kwa mstari, kwa sababu njia kati ya migomba inapitisha mtu mmoja mmoja. Kijana wa kamati alikuwa na kifaa cha GPS mkononi. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mahali anasimama, anasubiri namba zitulie. Tulipofika upande wa mfongo aliuliza kona ya nne iko wapi. Shangazi akamwonyesha isale, limeshatoa machipukizi mawili pembeni. Kijana akakanyaga kando yake asiliguse, akabonyeza, akaandika.